Ugoro wa Pipi Kifua

Kariakoo, Dar es Salaam
29 Mei 2024

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza,

Mguu unasemaje? Mpunga umeshaingia ndani? Mzee Hermenegildi, najua ni wewe unayemsomea, kwa hiyo shikamoo na wewe, na msalimie sana Bibi Agnetha. Ningepiga simu, lakini Bibi hasikii, anaipigia kelele mpaka Lumemo nzima inajua mambo yangu.

Nilipokuja Pasaka ulilalamika, Bibi, kwamba ugoro wako ukikauka unapoteza harufu, na wateja wanahamia kwa yule mama wa Mang'ula anayetia karafuu. Nikakuahidi harufu. Basi ndani ya kitenge nimefunga chupa ndogo. Mzee, hapa msomee mara mbili: ni matone matatu tu kwa kopo zima. Matatu. Bibi asiimimine kama maji ya magadi. Ni ile nzito tunayochanganyia maji ya sigara za umeme dukani, nikotini na minti pamoja. Lebo haina kwa sababu tunanunua dumu zima na kugawa wenyewe kwenye chumba cha nyuma.

Biashara inakwenda. Sigara hizi za umeme vijana wanazipenda, na wazee wapo pia. Nina mteja dereva wa lori aliyekuwa anavuta pakiti mbili kwa siku; sasa ananunua kidude kimoja kwa wiki na kikohozi kimemwacha. Lakini serikali inakusanya maoni kuhusu kanuni mpya. Wapo wanaotaka zipigwe marufuku kabisa, wapo wanaotaka kila chupa ikaguliwe kama dawa ya hospitali. Wenzangu wamenichagua niwasemee kwenye kikao Dodoma, tarehe 28 Juni. Mjukuu wako, Bibi, anakwenda kuzungumza na wakubwa!

Niombee.

Wako,
Martin


Lumemo, Ifakara
8 Juni 2024

Martin mume wangu,

Marahaba. Mguu bado unauma, mpunga umeingia. Hayo yamekwisha. Sasa sikiliza.

Kifurushi nilikipata Ijumaa ile. Kitenge ni kizuri, ingawa rangi umemchagulia msichana. Barua iliyokuwamo ililowa. Niliiweka karibu na mtungi nikaimwagia maji, sikusomewa hata neno moja. Hermenegildi alikuwa Mlimba kwenye mavuno. Ulichoandika sikijui.

Kesho yake, Jumamosi, Agnetha wangu alianguka. Unamjua Agnetha, ni mke wa huyu anayekuandikia, na ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kufukuza ndege shambani. Alikuwa amekaa mlangoni kwangu asubuhi, tunacheka, mara mate yakaanza kumtoka kama mbwa mgonjwa. Jasho la baridi. Akatapika. Akasimama ili atoke nje, miguu ikamkataa, akaangukia jiwe langu la kusagia na mkono ukavunjika. Alitundikiwa dripu siku tatu. Madaktari wakasema malaria, wakasema presha, wakasema amekula kitu. Sasa yuko nyumbani, mkono una plasta mpaka kwapani, na kunyanyuka kitandani bado ni mpaka ashikwe.

Watu wanasema ni maziwa. Mbuke, yule mama wa Kisukuma anayetuletea maziwa kwa baiskeli, alikuwa amepita asubuhi hiyo na Agnetha alikunywa kikombe. Hermenegildi aliporudi akampelekea mwenyekiti wa mtaa mashitaka ya maandishi. Vijana nao hawakusubiri mwenyekiti. Wamemvunjia Mbuke madumu, maziwa yakamwagwa barabarani, wanamwambia wafugaji wamekuja kutumaliza. Mimi nimenyamaza. Andika hivyo, Hermenegildi: Bibi amenyamaza.

Martin, kuna kitu ulikifunga ndani ya kitenge. Unakijua. Niambie kinatumikaje, na uniambie kwa maneno machache. Hermenegildi ananiuliza ni kitu gani. Nimemjibu ni dawa ya kuchua mguu.

Nijibu upesi. Usingoje mwisho wa mwezi kama kawaida yako.

Bibi yako,
Agnella

(kwa mkono wa Hermenegildi, karani mstaafu wa stesheni)


Kariakoo
14 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nampa pole Mzee Hermenegildi, na Bibi Agnetha nampa pole sana. Naomba Mungu aunge mfupa.

Ile dawa ya mguu, Bibi, usiitumie tena. Hata tone. Kama imebaki imwage chooni, chupa uifukie, na unawe mikono kwa sabuni. Nimesikia kwamba haiwafai watu wa umri wako. Na kama ile barua ya kwanza bado ipo, hata kama imelowa, haina maana tena. Washia jiko.

Kuhusu ugonjwa, mimi si daktari. Lakini maziwa yasiyochemshwa yana mambo mengi, na wale ng'ombe wanatembea porini wanakula kila kitu. Sisemi yule mama alikusudia. Nasema tu kwamba mwenyekiti amsikilize Mzee Hermenegildi, kwa sababu Mzee si mtu wa kubahatisha.

Nina ombi moja. Kikao cha Dodoma kimekaribia na wenzangu wanasema wakubwa hawatuamini, wanatuona wahuni. Wanataka sauti ya mtu mzima. Nimefikiri, nani mtu mzima kuliko Bibi yangu? Naomba useme maneno machache tu, Mzee ayaandike: kwamba wewe ni mtu wa tumbaku miaka yote, kwamba mjukuu wako amekuletea njia ya kisasa iliyo safi zaidi, na kwamba serikali ikikaza sana watu watauza chini ya meza na hapo ndipo hatari itakapoingia. Nitaisoma mbele ya kikao. Chumba kizima kitanyamaza.

Wakipitisha kanuni kali, Bibi, duka langu limekwisha. Miaka sita ya kuhangaika Kariakoo imekwisha. Sina kitu kingine.

Nakupenda mno. Tafadhali kuwa mwangalifu unaposema na watu.

Martin


Lumemo
20 Juni 2024

Martin,

Leo sikuiti mume.

Nimekaa sebuleni kwa Hermenegildi. Agnetha yuko chumbani, mlango uko wazi, anasikia. Nimemwambia shemeji yangu: chukua kalamu, andika ninachosema, usikate na usiongeze, na ukitaka kunipiga nipige barua ikishakwisha.

Andika. Agnetha hakuumizwa na maziwa. Nimemuumiza mimi, Agnella, kwa ugoro wangu.

Andika, shemeji. Kalamu ikisimama hapa sitapata nguvu ya kuanza tena.

Chupa ilifika Ijumaa. Niliinusa, ikanuka pipi kifua, nikasema Martin katimiza ahadi. Unajua ugoro wangu nautengeneza peke yangu, mlango umefungwa. Majani nakaanga mwenyewe kwenye kigae, nasaga mwenyewe, na ninachotia hata Agnetha hajawahi kukiona, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na bibi yangu. Kama pale ndani pangekuwa na mtu wa pili, angesema, "Agnella, ngoja tumwite anayesoma." Hapakuwa na mtu. Nilimimina chupa yote, vilevile ninavyomimina maji ya magadi. Nikakanda. Vidole vikawa vya baridi na moyo ukanienda mbio. Nikadhani ni uzee.

Na desturi yetu unaijua. Kopo jipya likifunguliwa, mwenye ugoro haonji. Anaonja Agnetha. Miaka yote hiyo ameonja yeye, akisema umekubali ndipo natoa kwa watu. Jumamosi alikuja, akachota kwa vidole vitatu, akajaza mdomo wa chini, akacheka, akaniambia, "Mwenzangu, leo umetia peremende, unataka tuposwe tena?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kabla mate hayajaanza.

Gari lilipomchukua nilirudi ndani. Nikaweka punje mdomoni, punje tu. Nilitapika mpaka nikalala sakafuni. Kwa hiyo nilijua siku ileile. Kopo nililizika nyuma ya choo, hakuna mwingine aliyeonja. Nimejua siku kumi na tisa, Martin. Siku kumi na tisa nampelekea Agnetha uji, namlisha kwa kijiko, ananiambia asante.

Barua yako ya kwanza haikulowa. Ilikuwa chini ya godoro. Sijui kuisoma, na mtu wa kunisomea ndiye mwenye mke niliyemuumiza. Leo nimempa. Ameisoma kwa sauti, matone matatu, mara mbili kama ulivyoagiza. Asante kwa kuagiza. Ulimtumia sumu mtu asiyejua kusoma, na onyo ukaliweka kwenye karatasi.

Hilo ningekusamehe kabla maji hayajachemka, maana mjinga alikuwa mmoja Kariakoo na mwingine Lumemo. Lakini wewe ulisoma barua yangu, ukajua, ndiyo maana uliisoma umesimama. Ukaniandikia nichome. Ukaniandikia ng'ombe wanakula kila kitu. Mbuke anafukuzwa, Martin! Jumamosi hii ni mkutano wa mtaa, wanataka aondoke na watoto wake, na wewe uliyekula mkate wangu unamsukuma kwa kidole. Nani alikulea hivyo? Ni mimi. Ndiyo maana nina hasira mpaka naona aibu.

Mkutanoni nitasimama kabla hawajamtaja. Nitasema kila kitu, na jina lako nitalitaja.

Ulitaka maneno yangu ukayasome Dodoma. Haya hapa. Hermenegildi, anza ukurasa mpya.

"Waheshimiwa, mimi ni Agnella wa Lumemo, Ifakara. Sikusoma. Nauza tumbaku ya unga tangu msichana, kwa hiyo sitawaambia mfunge kila duka, mtaniona mnafiki. Mtu akiacha sigara kwa hicho kidude cha betri, aiache, namwombea. Lakini kitu kinachoweza kumwangusha mtu mzima asubuhi moja, chupa yake iwe na jina la aliyeiuza. Iwe na picha ya fuvu la kichwa, kwa sababu hiyo hata mimi naisoma. Kifuniko kimshinde mtoto. Pasiwe na kuchanganya chumba cha nyuma. Na isinuke pipi. Sumu ya panya ya pale sokoni inanuka sumu, mtu anajua anashika nini. Hii nani aliwaruhusu waipake utamu? Mjukuu wangu anasema mkikaza sana watauza chini ya meza. Mimi nawauliza, chupa iliyonifikia ilitoka juu ya meza au chini? Nanyi bado hamjakaza kitu! Mkishatunga sheria, tokeni ofisini mkaikague madukani. Mkimaliza kwa vijana njooni na kwangu, mkague ugoro wangu. Nitafungua mlango. Nimeumiza rafiki yangu kwa sababu niliufunga."

Basi. Isome au usiisome. Ukisoma yale uliyotaka niseme, ukasema ni ya Bibi yako, nitapanda basi mpaka Dodoma na mguu huuhuu.

Umekula? Najua hukula ukiwa na hofu. Kula.

Agnella

Martin, nimeandika kila neno kama alivyosema. Katikati nilitoka nje nikakaa kidogo, kisha nikarudi. Mashitaka dhidi ya Mbuke niliyaandika mimi kwa mkono huuhuu, kwa hiyo na mimi nina la kusema Jumamosi. Mke wangu amesikia yote. Hermenegildi.


Dodoma
29 Juni 2024

Bibi, shikamoo. Shikamoo Mzee. Shikamoo Bibi Agnetha, kama barua hii itasomwa mbele yako.

Niliingia kikaoni na karatasi mbili. Moja waliichapa wenzangu, nzuri, ina jina lako chini yake. Nyingine ni yenu. Nilikuwa wa nne kuitwa, na mpaka naitwa sikuwa nimeamua. Huo ndio ukweli, nisijifanye shujaa.

Nilisoma yenu.

Nilipofika kwenye "juu ya meza au chini" mtu mmoja nyuma alicheka. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, akaniuliza, "Kijana, chupa hiyo ilitoka kwa nani?" Nikasema, "Kwangu." Akaniuliza zipo ngapi nyingine kama hiyo. Nikasema sijui idadi, wanunuzi hatuwaandiki. Aliandika jibu langu. Akaomba karatasi ibaki kwao. Kanuni zitakuwa kali kiasi gani hawakusema. Wengine walikuwa wanataka marufuku ya moja kwa moja, wengine wakasema mama wa Ifakara amesema vizuri zaidi. Walibishana mpaka muda ukaisha.

Wenzangu wameondoka na gari bila mimi. Mmoja ameniambia nimewauza wote ili nijisafishe mbele ya bibi kizee. Jirani wa dukani amenipigia simu, wamekuja watu wa serikali na wameweka kufuli na karatasi yenye mhuri. Natakiwa kuripoti Dar Jumatatu, tarehe 8 Julai. Nitaripoti. Sijui wataniweka ndani au wataniachia.

Kuhusu Mbuke, nilijua. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Nilisoma neno "maziwa" nikashusha pumzi, Bibi. Nilishukuru. Sijawahi kujiogopa kama siku ile.

Wakiniachia nataka kuja, lakini nyumbani kwako naogopa, na kwa Mzee naogopa zaidi. Kuna rafiki yangu yuko Tunduma, ameniambia kazi zipo mpakani, niende huko nikae kimya mwaka mmoja, miwili, mpaka watu wasahau. Niende? Uniambie ukweli.

Martin


Lumemo
4 Julai 2024

Mume wangu,

Unaona nimelirudisha jina lako. Usijivune, nimelikodisha tu.

Jumamosi ile nilisimama. Nilisema yote, na Hermenegildi akasimama baada yangu akairarua ile karatasi yake mbele ya mwenyekiti. Mbuke hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alishika baiskeli yake akaondoka, na tangu siku hiyo hapiti mtaa huu, anapeleka maziwa ng'ambo ya mto. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza hakutoka. Mara ya pili alinipa kigoda nikakaa, yeye akaendelea kukamua. Nitakwenda ya tatu. Ugoro wangu hakuna anayenunua na wana haki.

Agnetha alikaa siku tisa bila kunisemesha. Uji wangu alikuwa anakunywa, uso kaugeuzia ukutani. Siku ya kumi akasema, "Agnella, hii chumvi umeipima kwa mkono tena?" Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Mkono wake umeungana vibaya, hautanyooka.

Barua yako tumeisoma wote watatu. Agnetha anasema pole ya karatasi haitaki, zimeshatosha karatasi. Anasema Dodoma uliwaambia watu usiowajua, na hilo si gumu.

Tunduma usiende. Watu hawasahau, wanakaa tu na ubaya wako bila wewe kuwepo. Ripoti kwa hao waliokufungia. Wakikuweka ndani nitakuja na mguu wangu nikuletee wali. Wakikuachia, panda basi. Ukishuka usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa Hermenegildi, mchana, watu wakikuona. Simama nje, piga hodi.

Mimi nitakuwa nimekaa humo ndani na nitakusikia. Lakini sitakufungulia, hata ukiita jina langu. Atafungua Agnetha, akitaka.

Bibi yako,
Agnella